Kura ya rais Tanzania, Oktoba 29, 2025 (mjadala wa kabla ya uchaguzi): kulala nyumbani, kuharibu karatasi au kumpa wa chama kidogo?

Mdau_Newala: Wadau wa kusini salaam. Mwenzenu nimekwama. Lissu wa Chadema yuko ndani kwa kesi ya uhaini, chama chake kilienguliwa toka Aprili kwa kugoma kusaini kanuni za maadili, Mpina wa ACT-Wazalendo nae kakatwa, wamebaki wagombea 17 na ukimtoa Mama Samia sidhani kama nawajua watatu kwa sura. Naona njia tatu, nibaki shambani niokote korosho zangu, niende nikaharibu kura, au nimpe yeyote wa chama kidogo asilimia za Mama zishuke. Nyie mnafanyaje?

Binti_Shangani: Ukibaki shambani hujamkomoa mtu kaka. Hakuna idadi ya kusema wasipofika watu kadhaa uchaguzi umekufa, na tangu katiba ibadilishwe 2000 hata nusu ya kura haitakiwi, anayeongoza kachukua. Kuharibu ndo yale yale, asilimia zinapigwa kwa kura halali tu, yako inasomwa kwenye fungu la zilizoharibika basi. Bora chama kidogo, angalau inahesabika.

Chuno_Original: Inahesabika halafu iweje dada? Mtu hana hata bendera moja hapa mtaani Mkanaledi nimpe nchi? Mi nakaa, kituo kikiwa kitupu kila mtu anakiona hata kisipotangazwa.

Mzee_Tandahimba: Vijana mnagombana kama karatasi ni moja. Unapewa tatu, rais, mbunge, diwani. Ya rais kama hutaki mtu ikunje tupu tumbukiza, lakini nyingine usizichezee. 2015 rais alipita wa CCM ila sisi hapa Tandahimba, Mtwara Mjini na Kilwa zote mbili tulipeleka wabunge wa upinzani, CUF.

Chuno_Original: Shkamoo mzee. Ila walitusaidia nini? 2018 hela ya ushuru wa korosho ghafi zinazoenda nje, ile asilimia 65 ya kuendeleza zao, ikabebwa yote serikali kuu, wabunge wa kusini wakapiga kelele mpaka wa CCM wenyewe, wapi. Mwaka huo huo jeshi likaja kusomba korosho kwa 3,300 kilo na watu wakasotea malipo yao.

Mzee_Tandahimba: Marahaba. Sasa na wasingekuwepo hizo kelele ungezisikia wapi?

Lindi_Mitwero: Mi naona mnalinganisha vitu ambavyo vyote vinakuja kwa kuchelewa, mchujo ulishafanyika kwenye fomu za kugombea huko. Kenya mgombea binafsi ruksa, asipopatikana wa nusu na kura moja wanarudia, na 2017 mahakama ilifuta matokeo ya rais. Huku ibara ya 41(7) ya katiba, Tume ikishatangaza rais hakuna mahakama ya kuchunguza. Marehemu Mtikila, yule mwanasiasa, alishinda kesi ya mgombea binafsi Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu pale Arusha 2013, mpaka leo bila chama hugombei hata udiwani.

Binti_Shangani: Hapo umenena. Ila Oktoba katiba itakuwa hii hii, kaka kauliza afanyeje siku hiyo.

Mdau_Newala: Nimeelewa, naenda na ya rais nairudisha tupu. Shida mzee wangu, diwani anayegombea tena kwetu ndo yule aliyetuahidi salfa ya kutosha ya kupulizia, imefika mikorosho imeshashikwa na ugonjwa wa ubwiriunga. Mpinzani wake yukoje, kuna anayemjua?