Stata inazungusha lakini gari haiwaki, taa ya funguo inapepesa. Msaada wakuu

Baba Wawili
Habari za jioni wakuu. Gari yangu ni ndogo ya Kijapani, CC 1490, namba D. Tangu Jumatatu asubuhi haiwaki. Stata inazungusha vizuri kabisa, betri nimebadili mwezi uliopita, mafuta yapo robo tenki. Kwenye dashibodi kuna kataa kekundu kenye picha ya funguo, kanapepesa tu hata nikishawasha swichi. Fundi amekuja mara mbili, anasema imobilaiza, ule mfumo wa kuzuia wizi, imeua kontrol boksi (kompyuta ya injini), tutafute ya mtumba Ilala, 450,000 pamoja na kufunga. Swali langu ni moja: bei hiyo ni halali au napigwa? Kila asubuhi napanda daladala mbili kutoka Segerea mpaka Posta na mwanafunzi mkononi. Natanguliza shukrani.

Kidumu Cheupe
Robo tenki unasema mafuta yapo. Wenye hela mna maisha yenu.

Mzee wa Pantoni
Umenikumbusha mbali. Kabla daraja la Kigamboni halijafunguliwa 2016, wote tulikuwa watu wa pantoni. Siku moja nimepangwa wa kwanza kabisa mbele, tumefika Magogoni, geti linashuka, nawasha gari: kimya. Nyuma yangu honi, bodaboda, mama mwenye ndoo ya samaki ananitukania ukoo. Mabaharia wakanisukuma mpaka nchi kavu. Unajua ilikuwa nini? Nilikuwa nimetundika funguo ya gari ya bosi kwenye ringi moja na ya kwangu. Chipu mbili zikawa zinaongea kwa pamoja, gari ikashindwa kumsikia yeyote. Nilipozitenganisha ikawaka. Yule mama wa samaki nilikuja kuwa mteja wake, marehemu sasa, Mungu amrehemu.

Fundi Waya
Mtoa mada, acha boksi kwanza. Taa ikipepesa huku funguo imo ndani, mara nyingi maana yake gari haiitambui funguo. Kichwani mwa funguo kuna chipu ndogo, haitumii betri. Koili iliyozunguka tundu la swichi ndiyo inaiamsha, chipu inataja namba yake, gari ikiikubali ndipo injini inaruhusiwa kuwaka. Isipoikubali utazungusha stata mpaka betri ife. Funguo unazo ngapi? Imewahi kuloa, kuanguka au kufunguliwa?

Baba Wawili
Funguo ni moja, gari ilikuja hivyo toka Japani. Na haina tatizo, rimoti inafunga na kufungua milango kama kawaida. Naomba turudi kwenye bei.

Fundi Waya
Rimoti na chipu ni wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana. Rimoti ina betri yake na kazi yake ni milango. Hujajibu kama imefunguliwa.

Bint Mbezi
Mimi ninachokiona hapa ni mwanaume anayetoa laki nne na nusu bila mke kujua. Shemeji anajua? Gari ikigoma mnakimbilia humu, ndani ya nyumba mmenuna.

Namba E
Tuliwaambia mnunue zisizo na imobilaiza mkabisha. Ulaya waliilazimisha kwenye magari mapya tangu 1998, ila vigari vingi vya soko la ndani la Japani vya miaka ya mwanzo ya 2000 havina, unachonga funguo ya chuma tupu unaendelea na maisha.

Kidumu Cheupe
Na mwizi naye anaendelea na maisha.

Sigara Moja
Hii ni chai. Mwezi jana kwenye uzi wa mwendokasi huyu huyu alilia amesimama kutoka Kimara hadi Kivukoni. Leo ana gari, ana fundi, ana mwanafunzi. Jina la gari hataki kutaja, funguo moja, swali la funguo anarukaruka. Ama gari si yake, ama hana gari kabisa. Kaeni mkao, mwisho wa uzi huu kuna kitu kitauzwa.

Kidumu Cheupe
Aweke picha ya kadi ya gari tumalize.

Baba Wawili
Sigara Moja, siku ile nilitoka msibani Kimara, gari alikuwa nayo mke wangu. Kadi siweki, simjui mtu humu.

Haya basi. Jumamosi nilibadilisha kava la funguo Kariakoo. La zamani lilipasuka, tulikuwa tunalifunga na rababendi. Kijana akalibandua kwa bisibisi, akahamisha kisahani cha rimoti na ule ulimi wa chuma, 15,000, dakika kumi. Gari niliiacha nyumbani, Kariakoo ile unaegesha wapi. Jumapili hatukutoka. Lakini hayo hayahusiani, fundi wangu ana miaka mingi kwenye kazi, na nimeshampa 200,000 ya kianzio.

Mzee wa Pantoni
Astaghfirullah.

Fundi Waya
Kaka, chipu imebaki kwenye kava la zamani. Tafuta kidude cheusi, kidogo kama punje ya muhindi, kinakaa kwenye kishimo chake mbali na kisahani. Kishike kiguse kichwa cha funguo mpya pale kwenye swichi, kisha washa. Na hata boksi la mtumba lingekuja bila funguo yake, lingekukataa vilevile, maana linakumbuka funguo za mwenyewe wa kwanza. Kava liko wapi?

Baba Wawili
Mwanangu mdogo wa miaka mitatu alilichukua kuchezea. Jana kaenda kwa bibi yake Mlandizi.

Kidumu Cheupe
Mlandizi unaenda na nini sasa?

Bint Mbezi
Aende na shemeji, wasameheane njiani.

Sigara Moja
Sasa ameingia na bibi. Ongeza sukari.

Baba Wawili (kesho yake, saa 3 usiku)
Imewaka. Kava lilikuwa limezikwa kwenye mchanga nyuma ya banda la kuku, bibi yake ndiye aliyeliona. Chipu nimeibandika kwa selotepu kwenye funguo, taa imezima, gari imeitika mara ya kwanza. Fundi Waya, Mungu akuzidishie.

Ila fundi wangu anasema boksi keshalinunua, kianzio hakirudi, nimalizie 250,000 nilichukue. Kama kuna mdau anahitaji kontrol boksi ya CC 1490, aje inboksi, bei tutaelewana.

Sigara Moja
Kikombe changu hiki hapa, mimina.