Mwenye ulemavu asiye na mshahara: alipe SHA mwenyewe au serikali imlipie?

Mleta mada, Likoni
Tangu Oktoba 1, 2024, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimwa uwezo kwa kuulizwa paa lake, choo, maji na mifugo, kisha hupewa hesabu ya mwaka mzima ailipe kwa mkupuo. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka.

Sasa mtazame mwenye ulemavu mkubwa anayeishi kwa Inua Jamii, pesa za serikali za kuwasaidia wasiojiweza. Anapokea 2,000 kwa mwezi, tena pesa zikifika kwa wakati. Toa 3,600 kwenye 24,000, hiyo ni asilimia 15. Mbunge 2.75, huyu 15! Hoja yangu ni hii: mwenye kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na hana mshahara, asidaiwe hata senti.

Karani wa mishahara, Nakuru
Ndugu, hesabu yako siipingi. Ninachokataa ni hiyo kadi. Ulemavu si ufukara. Kuna mwenye kadi asiye na mshahara lakini ana ploti ya kupangisha mtaani Pipeline, kodi inaingia kila mwezi. Huyo asamehewe, halafu mama mboga asiye na kadi alipe? Sheria ya 2023 yenyewe inasema serikali itawalipia wasiojiweza. Tudai itekelezwe, tusianzishe mlango mwingine.

Na walioajiriwa msiwasahau. Mfanyakazi mwenye ulemavu anaweza kusamehewa kodi ya mapato kwenye 150,000 za kwanza, lakini SHIF, yaani mchango wa mfuko wa bima wa SHA, inakatwa kama ya mtu mwingine yeyote. Anakatwa, mwajiri anawasilisha kufikia tarehe 9, maisha yanaendelea. Balaa ni siku anapoachishwa kazi. Mshahara umekatika, na papo hapo anahamia kundi la kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Hapo ndipo wengi wanapotoka kwenye bima, tena hapo ndipo hamgusi.

Fundi viatu, Kisumu
Natumia kiti cha magurudumu tangu utotoni na nasema wazi: sitaki msamaha. Nimechoka kupangwa kwenye foleni ya sadaka. Enzi za NHIF tulikuwa tunatuma 500 kwa simu kila mwezi, na mwezi mbaya ukija unajua deni lako ni la mwezi mmoja. Turudishieni hilo. Najua mtaniambia kuna Lipa SHA Pole Pole. Ule ni mkopo. Yaani mtu akope kwanza ndipo apate ruhusa ya kuugua?

Halafu hicho kipimo cha uwezo. Kinaangalia nyumba, hakimwangalii mtu. Ukiwa umehifadhiwa kwa kaka mwenye stima na sakafu ya vigae, unahesabiwa kwa vigae vya kaka. Mipira ya mkojo unayonunua kila mara, na boda anayekutoza mara mbili kwa sababu ya kiti, vitaonekana kwenye swali gani la paa?

Mama wa kijana wa miaka 27, Kakamega
Nyinyi mnabishana kuhusu watu wanaoweza kujisemea. Wangu ana mtindio wa ubongo, hasemi. Kwa sheria yuko chini yangu. Watoto wengine hutoka wakitimiza 21, au 25 wakiwa chuoni, lakini mwenye ulemavu anayemtegemea mchangiaji na kuishi naye anabaki. Kifungu kizuri, sikatai. Ila nisipolipa mwaka mmoja tu, na yeye hana bima. Na nikifa je? Dada yake ameolewa Bungoma, ana watoto wake. Hadi ahamie huko ndipo ahesabiwe?

Jambo jingine, hapa kijijini wengi wanadhani kujisajili ndiyo kulipa. Wanatibiwa bure zahanati au kituo cha afya, wanafurahi, halafu siku ya kulazwa hospitali kubwa wanaambiwa SHIF haijalipwa.

Mleta mada
Mama, hilo la mwisho lingetangazwa hata msikitini na kanisani.

Karani, mwenye ploti simtetei, na kadi peke yake naiacha. Lakini nijibu hili. Serikali ilitangaza mwaka 2025 kwamba itawalipia wasiojiweza. Majina ya Inua Jamii inayo tayari. Ni yenyewe iliyowachunguza hao watu ikaona hawana kitu. Kwa nini wapimwe upya kwa paa na choo? Orodha ihamishwe moja kwa moja. Na kijana kama huyu wa Kakamega alipiwe kwa jina lake mwenyewe, asitegemee uhai wa mzazi.

Karani wa mishahara, Nakuru
Hapo tunakaribiana. Tatizo ni kwamba orodha ya Inua Jamii haijawahi kuwatosha wote wanaostahili. Mzee wa mtaa asipokujua, jina lako haliingii. Ukiifanya ndiyo mlango wa SHA pia, aliyeachwa nje mara moja ameachwa mara mbili.

Fundi viatu, Kisumu
Ndio mimi huyo. Inua Jamii simo, mshahara sina, na sindano na gundi zinanipa cha kula, si cha mwaka mzima. Katika mpango wenu mpya naangukia wapi?