Bendi ni jina la kwenye bango au ni watu? Nimeliwa elfu 40 na nina hasira

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Naandika povu likiwa bado mdomoni, kwa hiyo nikiteleza mods mnivumilie. Ila uzi huu msiuhamishie kule wanakojadili nani kaachana na nani.

Jumamosi iliyopita nilimtoa mzee wangu nyumbani. Ana miaka 74, magoti yamechoka, usiku hatoki tena. Bango aliliona mwenyewe, limebandikwa kwenye nguzo ya umeme pale tunaponunulia mkaa. Jina la bendi ya zamani kwa herufi nyekundu, chini yake picha ya enzi zile, wanaume kumi na mmoja wamevaa bugaluu, matarumbeta mawili na saksafoni yameinuliwa juu. "Moto ule ule, bendi ile ile." Mzee akasimama pale na fimbo yake akaanza kuwagusa mmoja mmoja: huyu alikuwa anakaa Ilala, huyu alioa kwa kina fulani, huyu alikuwa akilewa anapiga vizuri zaidi. Muuza mkaa akaacha kupima akawa anamsikiliza. Mimi ningesemaje hapana?

Kiingilio elfu 20 kwa kichwa. Bajaji kwenda na kurudi sihesabu, soda nne za bei ya bia sihesabu. Tulikaa meza ya mbele kabisa kwa sababu mzee anataka kuona vidole vya mpiga gitaa la solo.

Wakapanda vijana sita. Magitaa mawili, besi, dramu, mwimbaji, kinanda. Tarumbeta hakuna. Saksafoni hakuna. Ilipofika sehemu ambayo matarumbeta hujibizana na mwimbaji, wale vijana wakatazamana, wa kinanda akabonyeza kitufe, ikatoka sauti kama honi ya daladala yenye betri inayokufa. Ubeti wa pili mwimbaji akautolea simu mfukoni, anausoma huku mwanga umemmulika kidevu. Mzee akaniinamia akaniuliza, "Hawa wametokea wapi?" Nikamwambia subiri baba, hawa wanafungua tu, wenyewe wanakuja. Mpaka saa 7 usiku hakuna mwenyewe aliyekuja.

Wakati wa mapumziko nikamfuata MC. Kwa adabu kabisa. Nikamuuliza, kaka, kati ya hawa yupo hata mmoja aliyewahi kuwemo kwenye bendi ile? Akacheka. "Bro, bendi ni jina. Watu wanakufa." Haya, na huu wimbo mliofungulia ni wa nani? "Zilipendwa ya wazee wetu."

Wazee wetu wepi? Hawana majina hao? Walizaliwa wakaitwa Zilipendwa?

Bendi siitaji. Si Msondo na si Sikinde, zile bendi mbili kongwe za dansi zenye upinzani wa jadi hapa Dar, kwa hiyo mashabiki wa pande zote mbili kaeni kwa kutulia. PM msinisumbue.

Sasa najua kuna watu vidole vinawawasha waandike "mkuu, bendi zote hubadilika". Nalijua hilo kuliko nyinyi. Nimekulia nyumba ambayo baba ni Sikinde, baba mdogo ni Msondo, na sikukuu ya Idi ilikuwa lazima mmoja akalie baraza ya mbele na mwingine ya nyuma.

Msondo wenyewe wamebadili majina kama nyoka anavyovua gamba. Walianza 1964 wakiwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kikawa JUWATA, bendi ikawa Juwata Jazz. Kikawa OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Leo ni Msondo Ngoma, baba ya muziki. Wameingia watu humo na wametoka mpaka huwezi kuhesabu, mwimbaji TX Moshi William tukamzika 2006, Said Mabera na gitaa lake la solo akang'ang'ana pale pale miaka na miaka. Kuna aliyelalamika kwamba katapeliwa? Hakuna.

Mwaka 1978 mwimbaji Mzee Muhiddin Gurumo alitoka huko Msondo akaenda kuanzisha Mlimani Park. Sikinde hiyo, ngoma ya ukae. Wakapatikana Abel Balthazar, Cosmas Chidumule, Joseph Mulenga, na fundi Michael Enoch aliyekuwa ameshajenga jina Dar es Salaam Jazz. Haijapita miaka kumi, 1985, tajiri Hugo Kisima mwenye Orchestra Safari Sound akaachana na Masantula, kikosi cha Ndala Kasheba, akaingia Sikinde akachota wanamuziki, Gurumo akiwemo, kikazaliwa kikosi kipya cha Safari Sound, Ndekule. Baadaye Gurumo akarudi Msondo alikotoka. Mwimbaji Hassan Bitchuka naye, yule waliyemwita Stereo, kaenda Sikinde, karudi Msondo, kaenda tena. Shaaban Dede kapita Msondo, kapita Sikinde, kapita Bima Lee. Chidumule akaacha vyote akaenda kumwimbia Mungu.

Kwa hiyo msinifundishe kuhama. Kuhama ndiyo dansi yenyewe! Baba anasema mtu akihama, ukumbi ulijaa maradufu, huku wanataka kuona pengo litazibwaje, kule wanataka kusikia jamaa ataimbaje nyumba ya ugenini. Ila kila mtu alijua nani kaenda wapi. Sauti ilikuwa inahama na mwenye sauti anatajwa kwa jina, anasifiwa huku na kutukanwa kule.

Na sababu ya jina kubaki nyuma wakati watu wanaondoka haikuwa siri. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Msondo vyombo vilikuwa vya chama cha wafanyakazi. Sikinde walianza chini ya shirika la usafiri na teksi, TTTS, hadi 1983 DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ilipowachukua. Bima Lee ilikuwa ya shirika la bima, Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa CCM, Polisi Jazz sihitaji kueleza. Gitaa si lako, spika si zako, umeajiriwa kama karani yeyote. Ukigombana na uongozi unaondoka na koo lako na vidole vyako, basi. Ulikuwa utaratibu wa kumnyonya msanii, sikatai, lakini ofisi ilibaki na vyombo, ikabaki na jina, ikaajiri wengine, na ikakwambia imewaajiri.

Walioondoka nao walikuwa na haya. Mbaraka Mwinshehe alikuwa ndiye Morogoro Jazz machoni pa watu, lakini alipotoka mwaka 1973 alikwenda kuunda Super Volcano, jina la Morogoro akaliacha Morogoro. Marijani Rajabu alitoka Safari Trippers akaja kuibeba Dar International. Ndugu zetu wa Nairobi nao mnakumbuka: 1978 kina Profesa Omar Shabani walipowakimbia Wilson na George Kinyonga pale Simba Wanyika, walijiita Les Wanyika. Ujanja kidogo upo, nusu ya jina ni ya kuazima, na Issa Juma naye akaja na Super Wanyika Stars yake, mpaka kina Wanyika wakawa wengi kama kina Juma. Lakini hakuna aliyechukua picha ya ndugu wale wawili akaibandika kwenye nguzo kisha akapanda jukwaani yeye.

Hiki ndicho kinachonichoma. Siku hizi hata hiyo ofisi yenye vyombo haipo. Kuna mtu ana hela ya kuchapisha bango na ana picha aliyoitoa mtandaoni. Vyombo kakodi, vijana kakodi, jina kaokota.

Na redio nazo, kwa kuwa nimeshafungulia bomba acha liteme. Vipindi vya zilipendwa vya usiku, mtangazaji anapiga wimbo mwanzo mwisho, unaisha, anasema "hao walikuwa Msondo bwana" wakati ni Sikinde. Kamsikia Bitchuka akadhani kamaliza kazi. Bitchuka kaimba kote huko! Baba ana kanuni yake: usifuate sauti, sauti ina miguu. Fuata matarumbeta. Yakikuingia kifuani kama yanakudai, hao Msondo. Ukisikia magitaa yanasukana kama ukili, hakuna linalomkanyaga mwenzake, umefika Sikinde. Mzee wa darasa la saba anajua hili, mtangazaji mwenye diploma anashindwa kusoma hata jina la mtunzi. Kanda zile zilirekodiwa Redio Tanzania, mtunzi alikuwa na jina, mpiga solo alikuwa na jina. Yanadondokea wapi njiani?

Mnakumbuka 2013, Mzee Gurumo alipostaafu, Diamond akamzawadia gari? Mtaani kwetu watu walishangilia. Baba hakushangilia, alizima televisheni akasema mtu kaimba nusu karne, kapewa gari na mtoto wa juzi kwa huruma yake, na nyinyi mnapiga makofi. Mwezi wa nne mwaka uliofuata Gurumo akafariki. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ni ya 1999. Basi hebu yule bwana wa bango aje hapa aniambie, katika elfu 20 yangu na ya mzee, watoto wa waliotunga nyimbo zile kumi na nne (nilihesabu) wamepata shilingi ngapi?

Namba iliyo kwenye bango nimeipigia siku tatu. Haipatikani.

NYONGEZA, saa 4 usiku:

Naona mmefika kurasa mbili na nusu yake ni matusi. Sawa.

Wa post #9, "kwa hiyo vijana wasipige muziki wa wazee, wale wapi?" Hapana mkuu, hujanielewa, au mimi sijaeleza. Wale vijana hawakuwa wabovu. Kinanda kilikuwa cha aibu, mwimbaji hajui maneno, lakini mpiga besi yule alikuwa na mkono. Alikuwa anachelewa kidogo nyuma ya dramu, makusudi, kama wanavyochelewa wanaojua. Mzee mwenyewe alianza kutikisa fimbo. Tulipokuwa tunatoka nikamkuta kijana nje anakunja nyaya, nikampa mkono, nikamuuliza jina. Akanitazama kwanza kama vile mimi ni mtu wa mapato. Kisha akanitajia, akasema ana miaka mitatu anapiga kumbi hizi na hakuna aliyewahi kumuuliza. Nikamuuliza wanalipwaje, akacheka tu akaendelea kukunja nyaya.

Mnaona? Bango lile limewaficha wazee kumi na mmoja na vijana sita kwa pamoja. Lingeandikwa "fulani na wenzake wanapiga nyimbo za bendi fulani, watunzi ni hawa", ningelipa elfu 20 na mzee angejua anakwenda kuona nini. Labda bado tungekwenda. Pengine angempenda yule mpiga besi tangu mwanzo badala ya kukaa saa nne nzima anauangalia mlango.

Wa post #17 unayesema mzee wangu "ameshapitwa na wakati, alale", nyumbani kwenu hakuna mzee? Sitakujibu zaidi ya hapo.

Wa post #22 kutoka Mombasa, asante sana. Kumbe na huko wanaibandika picha ya marehemu na kuandika "live". Pole ndugu yangu.

NYONGEZA YA PILI, Jumatano:

Nilisema PM msinisumbue. Nimebadili.

Leo nimetoka kazini nikamkuta mzee barazani na lile bango mapajani. Alimtuma mtoto wa jirani akalibandue na kisu, limechanika pembeni lakini picha imepona. Sehemu ya jina la bendi na ile "moto ule ule" ameikata kwa mkasi, haitaki. Kachukua kalamu ya wino, anaandika juu ya kila kichwa jina la mwenye kichwa na alichokuwa anapiga. Kafika tisa. Wawili hawakumbuki, mmoja wa mstari wa nyuma kushoto kabisa mwenye kofia, na yule aliyeshika tarumbeta la pili, uso umefunikwa nusu na mkono wa mwenzake. Amekaa nayo tangu asubuhi. Wa tarumbeta anasema jina linaanza na S, au alikuwa anatoka Singida, ndipo anapochanganya.

Wenye miaka 60 kwenda juu, au mnaokaa na wazee waliokuwa wanakesha kumbi za Ilala, Magomeni na Chang'ombe miaka ile, njooni PM niwatumie picha mkawaonyeshe. Mkipata jina niandikieni hata saa 8 usiku, simu siizimi.