Majibu ya eksirei ya kifundo cha mkono, namba zangu hazifiki wastani, nina shida?

boda_tandahimba:
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada kwa anayejua mambo ya mifupa. Juzi nilikuwa nimempakia abiria natoka Tandahimba naelekea Newala, tairi la mbele likaingia kwenye mchanga tukaenda chini, abiria mzima kabisa namshukuru Mungu ila mimi nilijizuia na mkono wa kulia na kifundo kikavimba. Nimepiga eksirei, wakasema hakuna mfupa uliovunjika, nikapewa dawa za maumivu nikarudi nyumbani. Sasa kwenye karatasi ya majibu wameandika mwinamo wa rediasi (ule mfupa wa upande wa dole gumba) digrii 19, mwinamo wa kuelekea kiganjani digrii 6, urefu wa ncha ya rediasi milimita 10, ulna (mfupa wa upande wa kidole kidogo) imeizidi rediasi milimita 1.5. Nimecheki mtandaoni naona kawaida ni 23, 11, 12 na 0, yaani zangu zote ziko nje!! Bibi anataka nipelekwe kwa mzee mmoja anayevuta mifupa irudi sawa. Na msimu wa korosho ndo huu, kubeba magunia ndo kunanilisha, je huu mkono umepinda?

mionzi_kusini:
Pole sana mdogo wangu. Mkono wako haujapinda, hizo ulizokuta mtandaoni ni wastani tu, sio mstari ambao ukiupungukia unaumwa. Wakipima watu wazima wazima wasio na tatizo lolote, ule mwinamo wa rediasi unakuta mmoja ana 16 mwingine ana 28 na wote wanalima na kubeba vizuri tu, ndo maana vitabu vinaandika kama 13 mpaka 30. Wa kuelekea kiganjani ni kuanzia 0 hivi hadi 20 na kitu. Urefu milimita 8 mpaka 14. Ulna ikipungua au ikizidi kama milimita 2 bado ni kawaida. Zako zote zimo humo.

Kingine watu hawakijui, hizi namba zinacheza kutokana na mkono ulivyowekwa. Picha inatakiwa mkono uwe umenyanyuliwa pembeni mpaka kiwiko kiwe usawa wa bega, kiwiko kimekunjwa digrii 90, kiganja kimelala bapa juu ya meza. Ukija na maumivu hata kuweka hivyo huwezi, mkono unazungushwa kidogo au unakunja ngumi, basi ulna inaweza kuonekana ndefu kuliko ilivyo. Hiyo 1.5 yako inaweza kuwa mkao tu. Ukitaka uhakika omba wapige na mkono wa kushoto kwa mkao uleule, huo wa kushoto ndo kipimo chako wewe kuliko wastani wa watu wa huko Ulaya na Marekani.

binti_mwera:
Naunga mkono hapo kwenye mkono wa pili. Mama yangu huku Lindi alivunjika rediasi alipoteleza, yake ule mwinamo wa kiganjani uligeuka kabisa ukaelekea nyuma ya mkono, digrii 20 na zaidi, na rediasi ikafupika, hata kwa macho ulikuwa unaona. Hapo ndo walimvuta chini ya dawa ya ganzi wakamfunga hogo. Mfupa ambao haujatoka unavutwa urudi wapi sasa? Kaka usimruhusu mtu akukande.

tabibu_wa_masasi:
Waliotangulia wamesema vizuri kuhusu namba, ila mimi kinachonitisha ni jinsi ulivyoanguka. Kuna kamfupa kanaitwa skafoidi, kapo chini ya dole gumba, ukianguka na kiganja kimefunguka ndo kenyewe kanapigwa na ufa wake siku za mwanzo mara nyingi hauonekani kwenye picha. Namba zote zinakuwa safi kwa sababu zinapima rediasi na ulna, hazikagusi kabisa. Fanya hivi, nyanyua dole gumba juu, kwenye mzizi wake upande wa mgongo wa mkono kutatokea kishimo kati ya kano mbili, bonyeza hapo taratibu. Halafu linganisha na kushoto. Unasikiaje?

boda_tandahimba:
Dah tabibu nimebonyeza hapo nimeruka. Kushoto hamna kitu. Ila uvimbe umepungua na vidole vinacheza vizuri tu.

tabibu_wa_masasi:
Basi kesho asubuhi rudi hospitali, usingoje. Waambie unaumia kwenye kishimo cha dole gumba, wakufunge hogo au bandeji ngumu inayoshika na dole lenyewe, halafu picha irudiwe baada ya siku 10 mpaka 14 na waombe zile za kuangalia skafoidi, maana ufa ukianza kupona ndo unajitokeza. Damu ya huo mfupa inaingilia upande wa vidole kurudi nyuma, ukivunjika katikati kile kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu kikafa, na hapo kubeba gunia utakusahau miaka, sio msimu mmoja. Boda mpe mwenzako aendeshe kwa sasa. Na bibi muelezee kwa upole, mwambie mfupa haujahama mahali pake kwa hiyo hakuna cha kuvuta, ila unaweza kuwa na ufa na ukikandwa ufa unaachana.

boda_tandahimba:
Sawa tabibu, nimemsomea bibi amekubali. Kesho na gari la kwanza.