Mjadala: Brutus alimuua Caesar kwa ajili ya Roma, au kwa ajili ya jina lake?

Mleta mada:

Mshairi Dante alimtupa Brutus katika kina cha mwisho cha Jehanamu, akitafunwa na Shetani pamoja na Yuda na Cassius, mwenzake katika njama ya kumuua Caesar, mtawala wa Roma. Shakespeare, katika tamthilia iliyoonyeshwa London mwaka 1599, alimpa heshima ya kusifiwa na adui wake Antony, rafiki wa Caesar, juu ya maiti yake, kuwa ndiye aliyekuwa mwungwana kuliko Warumi wote. Wengi wetu tuliosoma Julius Caesar, ama kwa Kiingereza ama katika tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1963, tulifundishwa kuishika hukumu ya pili: Brutus ni mzalendo aliyeponzwa na wema wake, na wenzake wote ni watu wa kijicho. Naleta mada hii kwa sababu fundisho hilo haliungwi mkono na maneno ya Brutus mwenyewe. Ninavyosoma mimi, Brutus aliamua kuua kwanza ndipo akatafuta sababu, na kilichomsukuma kilikuwa sura yake mwenyewe kama alivyopenda ionekane, kuliko hali ya Roma.

Tutazame uzungumzi nafsi, yaani maneno ya mhusika akiwa peke yake, wa mwanzoni mwa tendo la pili. Ni usiku, Brutus yuko bustanini kwake, amemtuma kijana wake akawashe taa, na maneno yake ya kwanza anapobaki peke yake ni hukumu: hakuna njia ila Caesar afe. Hoja zinafuata baada ya hukumu, na zinapofuata zinamgeuka. Anasema kwamba hana kisa cha binafsi na Caesar. Anasema pia kwamba hajapata kumwona akitawaliwa na matamanio kuliko akili. Mtu anayelipima jambo kwa haki angesita hapo. Brutus hasiti. Kwa kuwa Caesar kama alivyo sasa hatoi sababu ya kushtakiwa, anasema, basi kesi na itengenezwe hivi: tumchukulie kama yai la nyoka, ambalo likianguliwa litaleta sumu, tumuue angali ndani ya ganda. Anayesema hivyo anajua kwamba anatunga mashtaka.

Mara kijana anarudi na barua aliyoiokota dirishani. Sisi watazamaji tunajua ilikotoka, maana Cassius amekwisha kutuambia kwamba atatupa barua za miandiko mbalimbali zionekane zimetoka kwa raia wengi. Barua inamwambia Brutus aamke, ajitazame. Kisha inaanza sentensi juu ya Roma na kuikatiza njiani. Pengo hilo Brutus analijaza mwenyewe: je, Roma ikae chini ya hofu ya mtu mmoja? Anawakumbuka wazee wake waliomfukuza mfalme Tarquin, na papo hapo anaiahidi Roma kwamba itapata inachokitaka. Cassius alimletea kilemba cha ukoka, lakini aliyekifunga kichwani ni Brutus.

Kuanzia hapo, kila shauri analolikataa linaelekea upande mmoja. Hataki kiapo, kwa sababu watu wa heshima hawahitaji kuapishwa. Hataki Cicero, seneta na msemaji mashuhuri, aingizwe, kwa sababu eti Cicero hafuati jambo lililoanzishwa na wengine (na asemaye haya ameingia katika njama juzi tu, na tayari ameshika usukani). Hataki Antony auawe, ili waonekane watoa sadaka wala si wachinjaji; kisha anamruhusu Antony huyo huyo ahutubie mazishini. Kama lengo lingekuwa usalama wa Roma, angemsikiliza Cassius, ambaye katika hayo mawili ya mwisho aliona mbali kuliko wote.

Halafu kuna ugomvi wa hemani katika tendo la nne, ambao kwangu ni ushahidi mzito zaidi. Brutus anamkaripia Cassius kwa tamaa ya rushwa, na hapo hapo analalamika kwamba alimwomba dhahabu ya kuwalipa askari akanyimwa, kwa kuwa yeye Brutus hawezi kupata fedha kwa njia chafu wala kuwakamua wakulima. Je, dhahabu ya Cassius ingetoka wapi, kama si huko huko? Anataka fedha ije kwake na uchafu wake ubaki kwa mwenzake. Ningeweza kuongeza kwamba Brutus wa historia, kwa mujibu wa barua za Cicero, aliukopesha mji wa Salamis katika kisiwa cha Saiprasi kwa riba ya asilimia 48 kwa mwaka akijificha nyuma ya mawakala, lakini Shakespeare hakuliingiza jambo hilo katika tamthilia, kwa hiyo silihesabu.

Anayemwona Brutus kuwa mzalendo safi na alete ushahidi wake.

Mchangiaji:

Ndugu mleta mada, umesoma kwa makini, lakini umemhukumu Brutus kwa kipimo ambacho hakuna mhusika wa tanzia angekivuka akiwa salama. Katika jukwaa la zama zile, mhusika aliyebaki peke yake huwafungulia watazamaji moyo wake. Richard wa Tatu, katika tamthilia nyingine ya Shakespeare, anatuambia waziwazi kwamba amekusudia kuwa mwovu. Brutus naye amepewa nafasi hiyo hiyo, usiku, bila shahidi, na hakutaja cheo, mali wala kisasi. Kwa nini tumwamini mwovu anapojitaja kuwa mwovu, halafu tumkatalie mwema?

Tena umeruka mambo yanayoonyesha kwamba hofu yake ilikuwa na msingi. Casca, mmoja wa watakaomuua Caesar, anamsimulia Brutus kwamba Caesar alipewa taji mara tatu akalisukuma kando, kila mara kwa ulegevu zaidi, na kwamba Marullus na Flavius, watetezi wa raia, wamenyamazishwa kwa kosa la kuvua mapambo kwenye sanamu za Caesar. Watazamaji wa mwaka 1599, wenye malkia mzee asiye na mtoto wala mrithi aliyetangazwa, walijua vizuri maana ya kuuliza madaraka yatamgeuza mtu awe nani. Anayesubiri hadi udhalimu uthibitike atakuta hana tena uwezo wa kuuzuia, na hoja ya yai la nyoka ni hiyo tu.

La mwisho ni la kimsingi. Mhakiki L. C. Knights aliandika mwaka 1933 kuwakejeli wahakiki wanaowachukulia wahusika kama watu wenye maisha nje ya maandishi. Ukisema kwamba Brutus alijidanganya, unadai kuingia katika chumba ambacho mwandishi hakukijenga.

Mleta mada:

Ahsante, ndugu, kwa hoja zenye uzito. Nianze na iliyo nzito zaidi. Habari za taji na za Marullus na Flavius Brutus alizisikia kwa masikio yake, kutoka kwa Casca, na kama angezitaja bustanini, mada hii nisingeileta. Hazitaji kabisa. Alikuwa na ushahidi mkononi akauacha, akachagua kukisia Caesar atakuwaje akivikwa taji. Katika hilo siingii katika chumba chochote. Nasoma kilichosemwa na kilichoachwa, na mpangilio wake.

Kuhusu kuaminika kwa uzungumzi nafsi, mkumbuke Iago, mwovu wa tamthilia ya Othello. Naye akiwa peke yake hutoa sababu, tena nyingi mno: amenyimwa cheo, anamshuku Othello kwamba amelala na mke wake yeye Iago, anamshuku hata Cassio, aliyepewa cheo hicho. Mshairi na mhakiki Coleridge aliziona kuwa ni visingizio vinavyotafutwa na uovu usio na sababu. Mhusika anaweza kusema anachokiamini na bado asiwe anaijua nia yake. Mwamba ngoma huvutia kwake, hata akiwa hana habari kwamba anavuta. Sifa za Antony nazo zinatolewa wakati vita vimekwisha na aliyesifiwa hana tena la kudai.

Limebaki jambo moja ambalo ningependa ulijibu. Katika hema lile lile, Brutus anamwambia Cassius kwamba Portia, mkewe, amekufa. Muda mfupi baadaye anaingia Messala, mmoja wa maafisa wake, na kumuuliza kama amepata habari zozote za mkewe. Brutus anakana, anakana tena. Messala anapomwambia kwamba amekufa, anaupokea msiba kwa utulivu, na Messala anamsifu kuwa ndivyo wakuu wanavyostahimili misiba mikuu. Wapo wahariri wanaosema kwamba habari imeandikwa mara mbili kwa bahati mbaya, na kwamba moja ilikusudiwa kufutwa kabla ya kuchapwa mwaka 1623. Huenda. Lakini kama ilivyochapwa, Cassius amesimama pale, anaujua ukweli, na anachosema ni kwamba naye amejifunza ustahimilivu kama huo, ila maumbile yake yasingeweza kuubeba vile. Wewe unayeshikilia kwamba Brutus alifanya yote kwa ajili ya Roma, nieleze: Roma ilipata nini katika uongo ule?