Tamko la rais anaposaini sheria: lina nguvu gani?

Mleta mada
Wakuu, tuwekane sawa kwenye hili. Rais wa Marekani akisaini muswada, mara nyingi hutoa na tamko. Mengine ni ya kupongezana tu, hayana neno. Yanayonikera ni yale ya "nimesaini, lakini kifungu fulani nitakitekeleza kwa namna isiyogusa madaraka yangu." Yaani kasaini kwa mkono wa kulia, kafuta kwa wa kushoto.

Desemba 30, 2005 ni mfano mzuri. Seneti ilikuwa imepitisha kwa kura 90 dhidi ya 9 pendekezo la seneta John McCain la kupiga marufuku ukatili na udhalilishaji wa mahabusu. George W. Bush akasaini, kisha akatamka kwamba serikali yake itakitafsiri kipengele hicho kulingana na mamlaka yake ya kuisimamia serikali na ya Amiri Jeshi Mkuu. Sasa ofisa anayemhoji mahabusu amsikilize nani?

Katiba yao inamtaka asaini, au aurudishe muswada na pingamizi zake. Kuchambua kama karanga haimo. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu iliibatilisha hata sheria iliyomruhusu rais kufuta baadhi ya vipengele vya matumizi baada ya kusaini. Kwangu mimi, tamko halina nguvu ya kisheria hata chembe. Anayebisha aje na hoja.

Mchangiaji wa kwanza
Nabisha. Rais ameapa kuilinda Katiba, hakuapa kulinda kila kitu wabunge walichochomeka kwenye muswada mnene. Mwaka 2002 Kongresi, yaani bunge lao, iliagiza Mmarekani aliyezaliwa Jerusalem, mji unaogombaniwa, akitaka, aandikiwe "Israel" kwenye pasipoti. Bush akasaini sheria nzima, akatamka kwamba kipengele kile kinaingilia kazi ya rais. Wizara ya Mambo ya Nje haikukitekeleza, wazazi wa mtoto mmoja wakaenda mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamua rais yuko sahihi. Ulitaka aitupe sheria yote kwa sababu ya mstari mmoja?

Mchangiaji wa pili
Huku kwetu Kenya, Ibara ya 115 ya Katiba haina mlango huo wa nyuma. Rais aidhinishe, au arudishe mswada na sababu zake, na Bunge likitaka kumpiku litafute thuluthi mbili. Juni 2024 Ruto aliurudisha Mswada wa Fedha akitaka vifungu vyote viondolewe. Tuliona wazi amesimama wapi.

Mleta mada
Mchangiaji wa kwanza, kesi ya pasipoti naikubali, tena umenipiga vizuri. Ila soma hukumu: rais alishinda kwa sababu Katiba inamwachia yeye kutambua mataifa mengine. Siku ya kusaini angekaa kimya, angeshinda vilevile. Tamko halikuongeza hata gramu moja.

Kinachonisumbua ni mambo yasiyofika kwa jaji. Sheria ilimtaka Obama aijulishe Kongresi siku 30 kabla ya kumhamisha mahabusu wa Guantánamo, gereza la jeshi la Marekani kule Cuba. Alipoisaini Desemba 2013 alitamka kwamba masharti kama hayo huenda yakamfunga mikono isivyo halali. Mei 2014 wakatolewa Wataliban watano kumkomboa Sajenti Bergdahl, askari wa Marekani aliyeshikwa na Taliban, na siku 30 hazikuheshimiwa. Ofisi ya ukaguzi ya Kongresi ikasema sheria imevunjwa. Basi, ikaishia hapo.

Mchangiaji wa kwanza
Askari alikuwa mateka karibu miaka mitano, wewe unahesabu siku 30? Na kama tamko ni karatasi tupu, mbona wote walilifuata?

Mleta mada
Walilifuata kwa sababu limetoka kwa bosi wao. Mtumishi akipewa sheria mkono mmoja na tamko la bosi mkono wa pili, atashika lipi? Wewe ungekuwa ofisa wa Guantánamo asubuhi ile, ungeshika lipi?