Mume wangu anakwenda kulinda amani Afrika ya Kati, waliotangulia naombeni uzoefu

MamaNasra_Tabora
Habari zenu ndugu zangu. Mume wangu ni askari wa JWTZ na jina lake limetoka kwenye kikosi kinachokwenda Jamhuri ya Afrika ya Kati, mji wa Berberati. Tuna watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu. Nikimuuliza anajibu "kazi ni kazi". Siulizi siri za jeshi. Nataka kujua wanaishije, tutawasilianaje, na habari mbaya zikianza kuzagaa nifanye nini. Mtaani kila mtu ananitajia Kongo.

SajiniMstaafu
Shemeji, pole na hongera. Berberati sijafika. Mimi nilikuwa Kongo mwaka 2017, kambi ya Mavivi karibu na Beni, kwenye ile brigedi ya Watanzania, Wamalawi na Waafrika Kusini iliyoundwa na Baraza la Usalama Machi 2013 na kupewa ruhusa ya kuwashambulia waasi. Mumeo anakwenda kwenye kazi nyingine, ya doria na kulinda raia, kwa hiyo wanaokutajia Kongo wasikutishe.

Kambini chakula kipo na wapishi ni wetu wenyewe. Kinachochosha ni tope. Barabara ya Mbau kwenda Kamango, gari likizama mnashuka: hawa wanasukuma, wale wamegeukia msitu na silaha mkononi, jasho linaingia machoni chini ya kofia ya chuma. Usiku lindoni unasikiliza vyura. Wakinyamaza ghafla unajiuliza nani kapita. Wananchi ndio waliotusaidia sana, maana Beni wanaongea Kiswahili. Mama mmoja muuza sombe, kisamvu chetu hiki hiki, alikuwa anatuambia njia ipi imetulia na kijiji kipi watu wamekikimbia.

Sasa hilo linalokunyima usingizi. Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya wenzetu ya Semuliki ilishambuliwa, mapigano yakaenda kwa saa nyingi. Walinda amani 15 walipoteza maisha, wote Watanzania, na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Baadhi yao nilikula nao sahani moja. Sisi wa Mavivi tulizuiwa kupiga simu, na ilikuwa haki, kwa sababu mjane hapaswi kupata habari ya mumewe kutoka kwa rafiki. Lakini huku nyumbani picha zilishaanza kuzunguka WhatsApp, na mke wangu alishinda siku nzima akiamini nimekufa. Majirani walishaanza kutandika mikeka.

Ndiyo maana nakusihi, kabla hajaondoka kaeni na shemeji yako mmoja mwenye kifua. Yeye ndiye awe mlango wa habari. Simu za watu wengine zote zipokelewe na yeye, wewe usifungue picha yoyote. Na mumeo ahakikishe namba za ndugu zilizoandikwa kikosini zinapatikana, isiwe laini aliyoacha kuitumia zamani, kwa sababu taarifa rasmi inafuata karatasi ile. Akikaa kimya siku mbili tatu, mara nyingi yuko doria.

Akipiga, usimfiche mambo ya nyumbani. Bati likivuja mwambie linavuja. Mimi nilipokuwa nasikia "huku hakuna tatizo" kila siku, nililala vibaya kuliko siku niliyoambiwa mtoto ana homa na ameshapewa dawa.

MkeWaAfande
Dada, nyongeza ya posho. Ndugu watakuja na shida zao hata kabla haijaingia. Kubalianeni mapema nani anasaidiwa na kwa kiasi gani, na yeye awaambie ndugu zake mwenyewe. Wangu aliporudi alikuwa analala sakafuni karibu na mlango. Sikumhoji. Alianza kusimulia mwenyewe siku moja tukipalilia mahindi, nikaendelea kupalilia, naye akaendelea kusema.

NimetokaBerberati
Mama Nasra, mji uko magharibi, upande wa Kameruni. Watu wanaongea Kisango na Kifaransa, Kiswahili hakuna, hivyo doria inatoka na mkalimani. Ajifunze angalau kusema "singila", ahsante, watu wanafurahi sana. Adui wa kila siku ni malaria, kwa hiyo chandarua na dawa ya kinga asiviache hata akiona wenzake wanazembea. Kule wako nyuma yetu kwa saa mbili. Ukishalaza watoto saa tatu usiku, kwake ni saa moja, na huo ndio muda mzuri wa kuongea. Mtandao unakatika mvua ikinyesha, usishtuke.

MamaNasra_Tabora
Mungu awalipe. Nimemsomea mume wangu, ameketi kimya halafu akasema kaka yake wa Nzega ndiye awe mlango wa habari. Bado moja: mtoto ananiuliza baba anakwenda kupigana na nani.

SajiniMstaafu
Huyo ajibiwe na baba yake, shemeji, si wewe. Amwambie kuna watu wanaogopa kwenda shambani na sokoni, na yeye anakwenda kusimama barabarani ili wapite. Amwonyeshe Berberati kwenye ramani. Na asimwahidi tarehe ya kurudi, maana ndege huchelewa na mtoto wa darasa la tatu anajua kuhesabu siku.